Barafu Iliyofukiwa

Mbwa mchoyo alikuwa na jirani mmoja tu, Kima. Siku ya joto Kima aliponda ndizi mbivu, akachanganya na mtindi bila sukari, akagandisha, akamletea.

"Tule wote, jirani."

"Iache hapo. Nimeshiba."

Kima alipoondoka, Mbwa aliifukia barafu ile kama mfupa. Jioni akafukua, akakuta tope.

"Mwizi wewe!" akamfokea Kima.

"Nikuibie nilichokupa kwa mkono wangu?" Kima akajibu, akafunga mlango.

Asubuhi Mbwa alikuta barafu nyingine kizingitini pake. Akailinda bila kupepesa macho ili amnase mwizi. Jua likapanda, barafu ikayeyuka mbele ya macho yake.

Akakimbia kuomba radhi. Mlango wa Kima ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na hata kigoda; alikuwa amehama.