Bibi Harusi wa Chumba Namba Nne

Bibi harusi aliingia gesti kwa mlango wa jikoni, amebebwa begani kama gunia la viazi, shela linafagia sakafu.

"Mama Walburga, tufichie huyu!" alisema Korbinian, mpambe wa bwana harusi, akimtua karibu na jiko. Nyuma yake vijana wawili walicheka mpaka wakashikana mabega.

Walburga aliweka mwiko chini. Pale Straubing, kusini mwa Ujerumani, bibi harusi kuibwa na marafiki si ajabu. Huibwa, hufichwa, na bwana harusi humsaka mji mzima mpaka amkomboe. Lakini kuna utaratibu.

"Huibwa baada ya kanisa, nyie mabwege. Siyo kabla."

"Padri ana mazishi, kachelewa. Tukae tu tunatazamana?" Korbinian alimbusu shavuni. "Mfungie chumbani. Quirin akifika, asimchukue bure, mwimbishe kwanza. Sisi tunakwenda kumzungusha. Ukimlinda vizuri, wageni wote wa harusi watalala kwako."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomwingia Walburga. Gesti yake, nyuma ya kituo cha treni, ilikuwa na vitanda vyembamba, choo kimoja kwa wote, na mgeni mmoja tu: Bwana Trautwein, muuza bawaba za milango, aliyekaa ukumbini akilalamika kwamba supu ni ya jana. Akipata harusi nzima, Walburga angevuka majira ya baridi. Asipoipata, angefunga milango.

Akampandisha bibi harusi chumba namba nne. Jina lake Vroni. Alikaa kitandani, kitanda kikalia. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Mama, nipe simu yako. Yangu wameichukua."

"Unataka kumwambia ulipo?"

Vroni aliinamisha kichwa.

"Huko ni kuiba mtihani, binti."

Lakini alimpa. Walburga mwenyewe, siku ya harusi yake, alikaa ndani ya pishi la bia mpaka jua likazama, kwa sababu marehemu mumewe alisimama kunywa katika kila baa aliyomtafutia.

"Niko gesti ya nyuma ya kituo," Vroni alisema kwenye simu, sauti chini. "Kama unanitaka, njoo sasa hivi." Akarudisha simu. "Na asipokuja?"

"Atakuja. Wote huja. Wengine huja wamelewa, lakini huja."

Alikuja kabla supu ya Bwana Trautwein haijapoa. Kijana mwembamba, anatweta, koti limekwenda upande, viatu vimejaa matope. Peke yake.

"Yuko wapi?"

"Polepole, bwana harusi." Walburga alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, na ngazi ikaisha nafasi. "Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Wamekuacha utafute peke yako? Marafiki gani hao! Haya, imba."

"Niimbe?"

"Humchukui bure. Huijui mila? Umezaliwa wapi wewe?"

"Hamburg."

"Aaa," alisema Bwana Trautwein, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Mtu wa kaskazini. Msamehe, mama. Mpe kiti asimame juu."

Kijana akapanda kiti. Akafikiri. Wimbo pekee uliomjia ulikuwa ule wa kumpongeza mtu siku ya kuzaliwa, akauimba huohuo, kwa sauti ya mlango mkavu. Bwana Trautwein alifumba macho.

"Huyu anataka mafuta," alisema.

"Rudia!" Walburga aliamuru. "Na jina la bibi harusi ulitie!"

Akarudia. Alipofika kwenye jina, sauti ikamkatika. Akalitaja tena, na tena, wimbo wenyewe ukasahaulika. Alipoinua macho, Vroni alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Umechelewa," alisema.

"Nilipotea njia."

"Najua."

Alishuka mbio akampita Walburga, akamkumbatia kijana pamoja na kiti, wakaanguka wote, shela likamtoka kichwani. Walburga alijifuta macho kwa aproni. Harusi alizoziona ni nyingi, lakini bwana harusi wa kulia namna hii hajapata kumwona. Wengi huuliza kwanza bia iko wapi.

"Tupitishe nyuma, mama," Vroni alisema. "Halafu naomba mikate."

Ukutani palikuwa na tangazo kwa maandishi makubwa: mikate ya asubuhi haitoki nje ya ukumbi. Walburga ndiye aliyeliandika.

"Mikate ya nini? Kanisa si lile pale, unaliona dirishani?"

"Njaa, mama."

Basi akawafungia mikate sita kwenye kitambaa, na kipande cha jibini juu. Bibi harusi mwenye njaa huzirai mbele ya padri, akaharibu shughuli ya watu. Wakatoka kwa mlango wa jikoni wameshikana mikono, wanakimbia kama watoto waliovunja kioo.

"Shela lako, binti!" Walburga aliita.

Vroni alipunga mkono bila kugeuka. Walburga akalikunja shela vizuri, akaliweka mapokezi. Msichana akitulia, atalifuata.

Kisha akafungua kabati la mashuka.

"Inuka, Bwana Trautwein, nisaidie kutandika! Leo hakibaki chumba. Nimepewa kazi nimeifanya."

"Umeifanya barabara," alikiri Bwana Trautwein, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuitaja supu.

Walikuwa kwenye kitanda cha pili waliposikia tarumbeta nje, na vishindo vya watu wengi. Walburga akashuka, uso umejaa tabasamu. Mlango wa mbele ukafunguka kwa kishindo, Korbinian akaingia akimvuta kwa tai kijana mnene mwenye ua jeupe kifuani, jasho linamtiririka, kicheko hakimkai mdomoni.

"Mama Walburga, tumemzungusha mpaka tumechoka sisi!" Korbinian alipaza sauti. "Huyu hapa Quirin. Mtese unavyotaka!"