Laini ya Nyumbani

Walipovuka tu mpaka kurudi Malaysia, Haslinda aling'oa laini ya Kithai akarudisha yake ya nyumbani, kama wafanyavyo wote waendao Hat Yai kwenye tamasha la muziki. Tangu Ijumaa alikuwa ameibandika kwa selotepu nyuma ya pasipoti.

Mama yake alikuwa mgonjwa, lakini alimruhusu mwenyewe. "Nenda, mwanangu. Simu tu usizime."

Naye hakuizima. Alibadilisha laini tu.

Simu ikaanza kutetemeka pajani, haikomi.

"Mwenzetu anatafutwa!" rafiki yake akacheka, mikono kwenye usukani. "Shoga, huyo mchumba kakonda kwa kukungoja."

Zilikuwa jumbe za kaka yake, zikaingia moja moja, za zamani kwanza.

"Mama anakuulizia."

"Amezidiwa. Pokea basi, mdogo wangu."

"Tumekungoja mpaka adhuhuri. Imamu anasema inatosha."

Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile. "Mwambie dereva aje pole pole. Tulishamzika jana."

Rafiki yake akaongeza sauti ya muziki. Haslinda akaivuta bangili ya karatasi ya tamasha, haikukatika. Akaitia mdomoni, akaanza kuiguguna.