Jikoni kwa Watu

Chakula kilikuwa bado kinafuka moshi kwenye meza ya mkahawa, na mke wa fundi saa alishainuka tena kwenda jikoni kwa watu.

"Unakwenda wapi, Bibie?"

"Kunawa mikono."

Fundi aligeuka kutazama bomba la kunawia. Lilikuwa pale pale ukutani nyuma ya kiti chake, na sabuni juu yake. Akavuta sahani yake karibu. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

Jamani, huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akisema mikahawa ni ya watu wasio na kwao! Alipika kantini ya kiwanda tangu ujana wake, akirudi nyumbani anapika tena, na ole wake mwanamume atakayegusa mwiko wake. Fundi aliweza kuifufua saa iliyolala miaka kwenye droo ya marehemu, lakini jikoni kwake mwenyewe alikuwa mgeni. Hata chumvi hakujua inakaa kopo gani. Watoto Mungu hakuwapa. Walikuwa wao wawili na sufuria yao.

Halafu, tangu mvua zilipokatika, Bibie akawa hataki kupika siku za Ijumaa. "Leo tutoke," anasema, na kila mara ni mkahawa mpya. Mwanzoni Fundi alifurahi kama bwana harusi. Alinyoa ndevu, akapiga viatu rangi, akadhani mapenzi yamerudi.

Lakini macho hayana pazia. Alimwona Bibie akionja kijiko kimoja au viwili, kisha anamsukumia sahani: "Malizia wewe." Alimwona amepungua, kiuno kimerudi cha usichana, na magauni mapya ameshonesha. Mwanamke wa umri ule anajikondesha kwa ajili ya nani? Jumatano alikuwa akiaga kwamba anakwenda kwa dada yake. Siku moja huyo dada akapita dukani kuchukua saa, akasema, "Shemeji, mwambie mke wako nimemkumbuka. Siku hizi kanitupa kabisa!" Fundi alicheka naye, akamfungia saa yake vizuri, kisha akakaa na bisibisi mkononi asijue alikuwa akitengeneza nini.

Na hizo jikoni za watu! Kila mkahawa lazima aingie, azungumze na mpishi, atoke amenuna. "Huyu hafai," alisema walipotoka ule wa kwanza. Kuhusu mpishi mwingine akasema ana haraka. Mwingine tena, "Huyu bado kijana, hatatulia." Hafai kwa lipi? Fundi hakuthubutu kuuliza. Alijua tu kwamba mke wake anachagua, na kwamba anayechaguliwa si yeye.

Leo ilikuwa zamu ya mkahawa huu mdogo, mtaa wa pili kutoka dukani kwake. Hata kabla ya kuagiza, Bibie alishaanza kumhoji mhudumu.

"Jumapili mnafungua?"

"Tunafungua, mama."

"Na mpishi ni huyo huyo kila siku?"

"Ndiye huyo huyo. Mkahawa ni wake."

"Ana subira?"

"Subira? Mama, yule hata nzi anamwomba radhi kabla ya kumfukuza."

Bibie akacheka. Kicheko kile Fundi hakuwa amekisikia nyumbani kwa muda mrefu, na kilimchoma. Chakula kilipoletwa, Bibie alionja mchuzi, akafumba macho, akaonja tena. "Huyu ana mkono mzuri," alisema taratibu. Ndipo akainuka na kisingizio chake cha kunawa.

Fundi akasubiri. Wali ukapoa. Kutoka jikoni akasikia sauti ya mwanamume, nzito na ya upole, kisha mke wake analia. Bibie analia! Mwanamke ambaye hata siku ya kumzika mama yake alijikaza akawapikia waombolezaji. Machozi aliyomnyima mumewe amekuja kuyamwaga kwa mpishi asiyemjua.

Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa moto. Akasema leo ni leo. Kama anaondoka, na aondoke akimtazama usoni, amwambie alimkosea wapi. Naye angemwomba abaki. Ndiyo, angempigia magoti mbele ya yule yule mwanamume, na aibu iwe aibu. Nyumba bila Bibie ni nyumba gani tena? Alikuwa anampenda, mzee wa watu, na hajawahi kumwambia tangu mvi zimtoke.

Akasukuma kiti nyuma, akapita katikati ya meza, akafika mlango wa jikoni. Ulikuwa umeegeshwa tu.

Bibie alikuwa amempa mgongo. Mpishi, jitu la mtu mwenye mashavu ya kitoto, alikuwa anajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Na yeye hajui?" mpishi aliuliza.

"Nimwambieje, kaka yangu? Hata Jumatano za hospitali namwambia nakwenda kwa dada. Akijua, ataacha kula leo hii hii." Bibie alikuwa ameshikilia ukingo wa meza ya kukatia vitunguu kwa mikono yote miwili. "Nimezunguka mji mzima. Wewe ndiye mwenye mkono unaoukaribia wangu. Hatakuomba kitu, ana haya sana. Siku utakayomwona ameingia peke yake, vifungo vya shati vimepishana, usimuulize mke wake yuko wapi. Mpakulie tu, halafu ukae naye mpaka amalize."