Namba ya Baba

Feni ya kompyuta ya baba ilinyamaza mchana kweupe. Ilikuwa ikikohoa chumbani mwake tangu tumzike, na mama hakukubali izimwe. “Mwacheni mwenzenu amalize kazi yake,” alikuwa akisema.

Kazi yenyewe ilikuwa namba moja, ndefu hata haikuenea kwenye kioo. Baba alishathibitisha kwamba si namba tasa, kwamba lazima inagawanyika. Inagawanyika kwa ngapi, hakuna aliyewahi kujua.

Sasa mashine ilikuwa imemaliza, na vigawo viwili vilikuwa vinanitazama kwenye kioo. Nikavizidisha. Namba ya baba ikarudi vilevile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Kiti chake kilikuwa bado kimebonyea upande wa kushoto, alikozoea kuegemea.

“Mbona kimya huko?” mama aliita kutoka jikoni. Kisu chake nacho kilikuwa kimetulia.

Dunia nzima, aliyejua ni mimi peke yangu. Nikafuta jibu. Nikairudisha namba mahali pake, nikaiamuru mashine ianze kutafuta upya, kuanzia mbili.

Feni ikakohoa.

“Afadhali,” mama akasema, na kisu kikarudi kwenye vitunguu. “Nilidhani ametuacha.”