Kadi ya Kwanza ya Baba

Corinne alimkuta baba yake jikoni na matangazo matatu ya kadi za mkopo, ameyapanga mezani kama mtu anayecheza karata peke yake. Alidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Lyle Amundson alikuwa fundi wa meli pale bandarini Duluth mpaka alipostaafu, na maisha yake yote alilipa taslimu. Nyumba, gari, jeneza la mama yake mzazi, vyote alivitolea noti mkononi. Barua za benki za kumbembeleza achukue kadi alikuwa akiwashia moto. Sasa, siku mbili kabla ya Krismasi, amevaa miwani na anauliza ni ipi yenye zawadi nono ya kujiunga.

Corinne alikung'uta theluji kwenye koti, akajimiminia kahawa, akaketi. Alimweleza kwamba kadi ya kwanza humrudishia mtu fedha kidogo kila anaponunua chakula na petroli, na hiyo ndiyo ingemfaa mtu kama yeye. Ya pili ilikuwa na pointi nyingi, lakini ada yake ya mwaka ingemuumiza. Ya tatu ilikuwa ya shirika la ndege. Ukitumia dola elfu tatu katika miezi mitatu ya mwanzo, wanakupa pointi za kutosha tiketi moja.

"Kwenda na kurudi?" Lyle aliuliza.

"Kwenda na kurudi."

"Mpaka Tucson?"

Hapo ndipo Corinne alipoelewa. Tucson ndiko alikohamia, na huko ndiko angefunga ndoa na Rubén mwezi Mei. Akamwambia baba yake aachane na kadi, kwani yeye na Rubén walikwisha kumwekea nauli.

"Tiketi ya harusi hii itatoka kwangu," Lyle alisema. "Hilo usinibishie, binti yangu."

Hakumbishia. Mama yake, Gwen, aliondoka Corinne akiwa na miaka tisa, akaenda kuishi Maine, akawa mtu wa kadi za sikukuu tu, na baadaye hata hizo zikakoma. Lyle hakuwahi kumsema vibaya, wala kumsema kabisa. Alijifunza kusuka nywele kwa kuchungulia vichwa vya wasichana kanisani. Mikutano ya wazazi aliiendea na ovaroli lake lenye grisi, akakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakimfika kidevuni. Novemba iliyopita, Corinne alipokwenda kujaribu gauni, alimpigia baba yake simu akilia, kwa sababu kila bibi harusi pale dukani alikuwa na mama yake. Baadaye akacheka, akasema ni uchovu tu. Lyle akamuuliza kama amekula.

Basi wakachagua ile ya tatu, wakajaza maombi palepale mezani.

Kadi ilipofika, shida ikawa matumizi. Mtu anayekula viazi na samaki aliyevua mwenyewe, dola elfu tatu atazimalizia wapi? Lyle akabuni njia. Akawa anawalipia majirani mahitaji yao kwa kadi, nao wanamrudishia taslimu. Akalipia matairi ya Koskela, dawa za mjane wa ng'ambo ya barabara, na rangi ya ukumbi wa kanisa. Kila Jumapili alimpigia Corinne kumpa taarifa, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao Corinne hakuusikia tangu akiwa mtoto. Mwezi Machi pointi zikaingia. Alimsomea ujumbe wa benki neno kwa neno, pamoja na jina la aliyeuandika.

Aprili Corinne alimuuliza kama amenunua suti. Akasema suti anayo. Alimuuliza kama anafanya mazoezi ya kutembea naye mpaka mbele siku ya harusi, maana goti la mzee lilikuwa bovu.

"Ukianza kutembea usiangalie chini," Lyle alimwambia. "Angalia mbele, nenda polepole. Hakuna anayekuharakisha."

"Si utakuwa umenishika? Nitaanguka vipi?"

Lyle alikohoa, akauliza joto la Tucson likoje.

Alhamisi kabla ya harusi, Corinne alikwenda uwanja wa ndege na kofia pana ya majani, kwa sababu kipara cha baba yake kisingelistahimili jua lile. Lyle alikuwa amemtumia saa ya kufika, ndege ya kutoka Chicago. Abiria walitoka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Corinne aliendelea kunyoosha shingo, akihofia goti limemsumbua kwenye ngazi.

Mwanamke mmoja mwenye mvi fupi alisimama mbele yake na mkoba mdogo. Corinne alimtambua kwa kidevu, kile anachokiona kila asubuhi kwenye kioo chake. Hakuweza kumpa mkono wala kurudi nyuma.

"Baba yuko wapi?"

"Nyumbani." Gwen aliuhamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Alinipigia Novemba, akanisihi nije. Nikamwambia nitakuja iwapo yeye hatakuwepo. Alikubali hata sijamaliza kusema."