Usiku Ambao Kengele Haikulia

"Kuna usiku mmoja kengele yenu hailii," Korongo aliandika tena.

Vesela alisonya, akaifunga ripoti.

Alikuwa na haki. Zvanche ni yeye aliyeiandika: maktaba ndogo huria ya JavaScript, yaani msimbo wa kengele za kukumbusha, ambayo yeyote duniani aliweza kuichukua bure akaitia kwenye programu yake, nayo ikamkumbusha mkutano, mkate uliomo kwenye joko, dawa, siku ya kuzaliwa ya mkwe. Yeyote aliweza pia kuja hadharani kusema ni mbovu. Lakini desturi ya watu wa kazi hii ni kudai ushahidi. Mlalamikaji hutakiwa kutoa hatua za kufuata mpaka hitilafu ijirudie kwenye kompyuta ya mwenye programu. Bila hatua, ripoti haina tofauti na umbea.

Korongo hakuwa na hatua. Alikuwa na picha ya ndege huyo, Kiingereza cha kuungaunga, na ung'ang'anizi. Akifungiwa huku, alifungua kule.

"Usiku mmoja wa mwezi wa tatu!" alisema Plamen, mwenzake Vesela katika kuitunza Zvanche, wakinywa kahawa kwenye kiofisi chao cha mjini Plovdiv. "Mwambie afuge jogoo."

"Anasema mtu anaweza kufa."

"Kwa kengele? Vesi, acha hizo. Huyo katumwa atuchafulie jina. Mfungie, tulale."

Vesela alicheka, lakini maneno ya Korongo yalimganda. Kwenye basi aliyasikia. Kwenye foleni ya mkate aliyasikia, nyuma ya sikio, kwa sauti asiyoijua. Aliogopa, na aliona aibu kumwogopa mtu aliyejificha nyuma ya picha ya ndege.

Jumapili ya mwisho ya Septemba Korongo alinyamaza, kama ilivyokuwa kawaida yake kila Jumapili. Vesela alikwenda kwa baba yake, kama kila wiki. Kwenye mlango wa jengo, kama ilivyo desturi ya kwao, palikuwa pamebandikwa tangazo jipya la kumbukumbu lenye picha ya mama: nusu mwaka tangu afariki. Alilala tu, asubuhi hakuamka. Ndivyo baba alivyosema siku ile, na hakuwahi kuongeza neno.

Mzee Kiril, mwalimu wa muziki mstaafu, alikuwa kwenye roshani akichoma pilipili nyekundu za kusaga kwa ajili ya majira ya baridi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mama. Nyumbani walimwita malkia wa pilipili, jina ambalo halikuwahi kuvuka kizingiti, maana mwenyewe aliahidi kumpiga mwiko atakayelitaja mbele ya wageni.

Mle ndani, juu ya rafu, saa ya zamani ya kutia ufunguo ilikuwa ikigonga kwa kelele.

"Baba, tableti niliyowaletea, yenye Zvanche, iko wapi?"

"Inasumbua."

"Nipe niitazame."

"Iache, mwanangu. Haina haraka." Aligeuza pilipili. "Hebu niambie. Mtu akiwaletea lalamiko huko kazini kwenu, mnamfanyaje?"

"Tunamwambia athibitishe."

"Na asipoweza?"

"Tunafunga."

"Mnafunga," baba alisema, akaigeuza tena pilipili ile ile, ambayo ilikuwa imeshaungua.

Jumatatu Korongo alirudi. Safari hii Vesela aliamua kumaliza udhia. Aliandika mbele ya kadamnasi, kwa ukali ambao hakuujua kuwa anao: "Ndugu, ama una ushahidi ama huna. Kwenye pembe ya kioo pana alama ya kunakili mipangilio ya kengele. Ibonyeze, kisha bandika hapa kila kitakachotoka. Usibadili hata herufi moja. Ukishindwa, usirudi tena."

Wasomaji walimiminika kumuunga mkono. Mmoja alisema Korongo sasa ataruka zake.

Kesho yake asubuhi jibu lilikuwepo. "Samahani kwa usumbufu. Nimebonyeza. Haya yaliyotoka mimi sijui kuyasoma, lakini ni hayo yote. Tafadhali tengenezeni kabla ya mwezi wa tatu mwingine."

Chini yake palikuwa na rundo la mistari.

Plamen alisoma juu ya bega lake. "Kengele ya saa tisa na nusu usiku. Nani anaamka saa hiyo? Waoka mikate na wachawi."

Vesela aliipeleka saa ya kompyuta hadi usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, ambapo nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja kukaribisha majira ya joto. Wakangoja. Ilipotimia saa tisa, ikarukia saa kumi, kama sheria inavyotaka. Usiku huo saa tisa na nusu haikuwepo. Kengele ilikuwa inaisubiri, na ingeendelea kuisubiri.

"Imejirudia!" Plamen alipiga meza. "Kumbe jamaa mkweli! Vesi, tumwombe radhi mtu wa watu. Halafu hiyo kengele ingelia, ilitakiwa iseme nini?"

Vesela, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Korongo atokee, aliteremka hadi mstari wa mwisho. Katikati ya Kiingereza chote kile, maneno haya tu yalikuwa yameandikwa kwa herufi za kwao:

"Amka, malkia wa pilipili. Dawa ya moyo."