Mkojo wa Kwanza

Siku hizi hakuna anayechomwa sindano ya kutoa kinyama cha figo. Mgonjwa wa lupasi, maradhi yanayoshambulia figo, anakojoa tu. Choo cha nyumbani husoma mkojo wa kwanza wa alfajiri, mmoja tu kwa siku, na taa ya mlangoni huwaka. Ikiwa kijani, figo ni salama. Ikiwa nyekundu, zahanati hupiga simu yenyewe.

Mishi, mwenye lupasi mwaka wa sita sasa, alikuwa amepata kijani siku arobaini mfululizo. Hata hivyo miguu yake ilivimba, na akibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki pale pale. Zahanati walitazama rekodi, wakamwambia apunguze chumvi.

Kisha siku moja aliamka mapema, akamwona mama mkwe wake, Bi Zamu, akitoka chooni baada ya kutawadha. Taa ilikuwa tayari kijani. Bi Zamu alikuwa amehamia kwao siku arobaini zilizopita.

"Mwambie asitangulie," Mishi alimnong'oneza mumewe.

"Nimwambie mama yangu habari za mkojo?" Sudi akauliza. "Mwambie wewe."

Mishi hakumwambia. Kesho yake alijihimu ili awahi, wakakutana mlangoni mwa choo.

"Pita, mama," alisema, kabla hajafikiri.

Bi Zamu akapita. Alipotoka aliitazama taa, akamshika Mishi mkono.

"Kijani tena, mwanangu. Tangu nije hapa, dua zangu zinakubaliwa."

"Amina, mama," akajibu Mishi.